Kivuli Kwanza, Spana Baadaye

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maneno machache juu ya jambo lolote ninalolijua. Kwanza nilitaka kuandika juu ya somo ninalofundisha, lakini nikaona ya kuwa wanafunzi wanalisikia la kutosha darasani, wala si haki kuwafuata nalo hata katika jarida lao. Basi nitaandika juu ya kazi ninayoifanya siku za Jumamosi nyuma ya nyumba za walimu, nayo ni kulitengeneza gari langu mwenyewe, nje uwanjani, pasipo gereji.

Nitayatoa maoni yangu mapema ili msomaji ajue ninakokwenda. Watu wengi hudhani ya kuwa fundi hodari ni yule anayeweza kuvumilia jua, vumbi na mawe ya mgongoni, na kwamba anayetafuta kivuli na mkeka kabla ya kushika spana ni mvivu. Mimi nasema sivyo. Raha ya mwili ni sehemu ya ufundi. Fundi anayeungua na jua atafanya haraka. Anayefanya haraka ataruka jambo. Na katika kazi ya gari, jambo lililorukwa laweza kuwa nati moja tu, au laweza kuwa roho ya mtu.

Kwanza tuondoe wazo la kwamba gari haliwezi kutengenezwa vema mpaka liingizwe ndani ya jengo. Karl Benz wa Ujerumani aliandikisha hati ya gari lake mwaka 1886. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Agosti 1888, mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari la namna ile bila kumwambia mumewe, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Wakati huo hapakuwa na gereji mahali popote duniani. Mrija wa mafuta ulipoziba, mama yule aliuzibua kwa pini ndefu ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka, aliufunga kwa ukanda wa soksi zake. Breki zilipolika, alimwendea fundi viatu akamwagiza apigilie ngozi juu yake. Kwa hiyo safari ya kwanza ndefu ya gari katika historia ilikuwa pia safari ya kwanza ya matengenezo ya nje, na fundi wake alikuwa mwanamke. Wasichana wa shule yetu wanaosimama mbali boneti linapofunguliwa nawaomba walikumbuke jambo hilo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu zaidi. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi magari yale yalitengenezwa kando ya barabara, katika matope na katika vumbi, mafundi wakiwa wamelala chini. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mashindano hayo mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Watu walimshangilia kwa mbio zake, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kuyajua magari hata kabla mguu wake haujakanyaga mafuta.

Sasa na tuulize, gereji humpa fundi nini? Mimi naona humpa vitu vinne. Humpa paa, humpa sakafu ngumu iliyo sawasawa, humpa mahali pa kukaa na kulala anapofanya kazi, tena humpa meza na rafu za kuwekea vyombo visipotee. Anayefanya kazi nje hana budi kuvitafuta vitu hivyo vinne kwa njia nyingine. Akivipata, amepata gereji. Asipovipata, anajitesa bure, wala gari lake halitapona vizuri.

Lakini nje kuna mambo mawili ambayo gereji nyingi hazina. La kwanza ni mwanga. Hakuna taa ya kufananishwa na mwanga wa saa mbili asubuhi. La pili ni hewa. Moshi wa injini una gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua mtu kabla hajajua kwamba yu hatarini. Mvuke wa petroli nao ukikusanyika ndani ya chumba hungoja cheche moja tu. Nje, upepo huyachukua yote hayo. Kwa hiyo anayefanya kazi chini ya mti asijione kuwa ni maskini wa kila kitu.

Na tuanze na kivuli. Nchi yetu iko karibu na Ikweta, na jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kila mwaka. Ndiyo sababu kivuli cha ukuta, ambacho asubuhi kilikuwa kirefu na kizuri, saa sita mchana hakimtoshi hata paka. Anayetegemea ukuta atahamishwa na jua katikati ya kazi, na gari lililokwisha kufunguliwa magurudumu halihami. Mti ni bora, lakini mti nao una kanuni zake. Asubuhi kivuli cha mti hulala upande wa magharibi, na alasiri hulala upande wa mashariki. Basi mtu aliangalie jua kabla ya kuliegesha gari, aliweke mahali ambapo kivuli kitakuja, si mahali ambapo kivuli kitaondoka.

Mwembe ni mti mwema kwa sababu majani yake ni mengi nayo hayapukutiki yote kwa wakati mmoja, ila wakati wa maembe vioo vya gari vi hatarini. Mnazi haufai kabisa. Kivuli chake ni chembamba, na nazi moja ikianguka hubonyeza boneti, au humwua fundi. Na mvua ya radi ikianza, ondoka chini ya mti wowote, uache hata spana chini. Spana hununuliwa.

Pasipo mti, turubai latosha. Lifungwe juu ya nguzo nne, upande mmoja uwe juu kuliko mwingine, ili maji ya mvua yateremke na upepo upite chini yake. Usilifunge juu ya gari lenyewe, maana upepo utalipeperusha na kuikwaruza rangi. Na chagua saa. Saa moja asubuhi mpaka saa nne ni wakati mzuri, na saa kumi alasiri mpaka machweo ni wakati mzuri. Kati ya hapo chuma kilichokaa juani chaweza kupita joto la nyuzi 60, na kiganja cha mwanadamu hakikuumbiwa hayo. Pumzika, unywe maji, uendelee baadaye. Gari halitakimbia.

Pili ni ardhi. Hapa naomba wanafunzi wa fizikia wanisikilize. Tuseme jeki imeinua uzito wa kilo 300, na kitako chake kina upana wa sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita za mraba 100. Kila sentimita ya mraba ya udongo inabeba kilo 3. Sasa weka chini ya jeki kipande cha ubao mgumu na mnene, cha sentimita 30 kwa 30. Hizo ni sentimita za mraba 900, na kila moja inabeba theluthi moja ya kilo tu. Mzigo ni ule ule, jeki ni ile ile, lakini udongo unaona mzigo uliopungua mara tisa. Ubao huo hauna gharama, na kila seremala anao miguuni pake. Hata hivyo magari mengi mno hapa nchini huinuliwa kila siku juu ya mchanga mtupu.

Jeki ya oili hufanya kazi kwa kanuni ya Pascal, ambayo wanafunzi wa Kidato cha Pili huikariri vizuri sana. Lakini wasichokariri ni kwamba oili yote ile imezuiliwa na kipete kidogo cha mpira. Mpira ukichanika, gari linashuka. Kwa hiyo jeki ni chombo cha kuinulia, si chombo cha kushikilia. Gari likisha kuinuliwa, lishushwe juu ya stendi za chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma. Asiye na stendi asiingie chini ya gari. Wala matofali si stendi, maana tofali huonyesha nguvu mpaka dakika ile linapopasuka, nalo halitoi taarifa. Mahali pa mteremko pasitumiwe kabisa.

Nitaeleza jambo nililolishuhudia, wala sitamtaja mtu. Mtaani kwetu palikuwa na kijana fundi, hodari kweli kweli, ambaye alikuwa akitengeneza gari la mteja saa saba mchana, juani, juu ya mchanga. Stendi alikuwa nazo. Ubao alikuwa nao. Vyote vilikuwa kibarazani, hatua kama ishirini kutoka pale alipo. Lakini jua lilikuwa kali na mchanga ulikuwa wa moto, naye alitaka kufunga nati mbili tu, aondoke. Aliingia chini ya gari na jeki peke yake. Jeki ilizama upande mmoja, gari likamlalia mguuni. Sisi majirani tuliliinua gari kwa mikono, tukampeleka hospitali. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mpaka leo anatembea kwa fimbo, na kazi ya kulala chini ya gari haiwezi tena.

Watu walisema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni nzuri, lakini siku ile haikuwa mahali pake. Kinga ilikuwapo, kibarazani. Kilichomzuia asiifuate si ujinga, kwa kuwa aliyajua yote ninayoyaandika hapa kuliko mimi. Kilichomzuia ni jua. Mtu anayeteseka hupunguza kila hatua anayoweza kuipunguza, na hatua ya kwanza kupunguzwa ni ile ya usalama, kwa sababu usipoifuata mara mia hupati dhara, na mara ya mia na moja hupati nafasi ya kujuta. Kama gari lile lingalikuwa kivulini, na stendi zile zingalikuwa karibu na mkono wake, nina hakika angaliziweka. Ndiyo maana nasema kivuli kwanza, spana baadaye.

Tatu ni mkao. Sehemu kubwa ya kazi ya gari iko chini ya kiuno cha mtu mzima, na mgongo ulioinama saa mbili hauna akili. Mimi hukaa juu ya kigoda kifupi, cha kimo kama cha mbuzi ya kukunia nazi, na nimeona ya kuwa kimo hicho hasa ndicho kinachofaa kwa kazi za gurudumu na breki. Wazee wetu walikipima zamani. Kwa magoti, chukua gunia, ulijaze sufi au nguo kuukuu, ulishone. Kwa kulala, tandika boksi kubwa lililokunjuliwa, na juu yake mkeka uliochakaa. Kabla ya kutandika, nyunyiza maji kidogo, ufagie kama mama anavyofagia uwanja asubuhi, ili vumbi lisiruke. Angalia siafu, na ukiinua ubao uliokaa chini siku nyingi, angalia nge.

Mavazi nayo yaangaliwe. Vaa ovaroli au nguo za kubana kidogo. Kanzu, shuka na ncha za kanga hazifai karibu na injini inayozunguka. Vua pete na saa, kwa sababu pete ikigusa ncha ya betri na chuma cha gari kwa pamoja, hupata moto ghafula ukaunguza kidole mpaka mfupani. Vaa miwani unapolala chini, maana kutu hupenda macho. Na kabla hujaanza, kwaruza kucha zako juu ya kipande cha sabuni. Sabuni itajaa chini ya kucha, grisi haitapata nafasi, na Jumatatu utashika chaki kwa mikono safi.

Nne ni mpangilio. Gereji ina rafu, nje kuna mchanga, na mchanga hupenda nati kuliko kuku anavyopenda mchele. Basi tandika shuka jeupe kuukuu chini ya mahali unapofanyia kazi, ili kila kinachoanguka kionekane. Chukua trei ya mayai, ile yenye vishimo 30, uweke kila nati na kila skrubu katika kishimo chake, kwa taratibu ile ile uliyozifungulia. Wakati wa kufunga, anza na ya mwisho, urudi nyuma. Ukimaliza na kishimo kimoja bado kina nati, gari lisiwashwe. Ukifungua mahali ambapo vumbi laweza kuingia, paziba kwa kitambaa safi, na vitambaa hivyo vihesabiwe, maana kitambaa kilichosahauliwa ndani ya injini ni adui kuliko vumbi lenyewe. Funguo za gari ziwe mfukoni mwako, wala zisiachwe mahali pake, kwa kuwa watoto wadogo wapo na mikono yao ni myepesi.

Nikiyasema haya, sitaki mtu adhani ya kuwa kila kazi yafaa kufanywa nje. Kubadili oili na chujio, plagi, pedi za breki, betri, taa, magurudumu na mikanda ni kazi za uwanjani kabisa. Lakini kufungua tumbo la injini, au gia zenyewe, kwahitaji mahali pasipo vumbi, na punje moja ya mchanga humo ndani hufanya kazi mchana na usiku kuliharibu gari. Kazi hiyo ipelekwe kwa fundi mwenye jengo. Kadhalika wakati wa masika usiianze kazi isiyoweza kumalizika siku moja. Kujua mpaka wa kazi yako nako ni ufundi.

Liko jambo la oili chafu, nalo si dogo. Injini ya gari dogo hubeba kama lita 4 za oili. Wengi huimwaga pale pale chini, wakisema kwamba inazuia vumbi. Oili hiyo haiozi upesi. Huteremka pamoja na mvua, na chini yetu ndiko yaliko maji ya visima tunavyokunywa. Mwembe ule ule uliokupa kivuli utakunywa sumu yako. Iweke katika dumu lenye kifuniko, uipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Ikimwagika kidogo, mwagia unga wa mbao au majivu, usugue, uzoe. Fundi mwema hutambuliwa kwa mahali alipoondoka.

Sasa nijibu hoja mbili ambazo hapana shaka nitazisikia.

Hoja ya kwanza ni ya heshima. Mzee mmoja, ambaye mtoto wake yupo shuleni hapa, alipita akanikuta nimelala chini ya gari. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu," kisha akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, tulikuleta utufundishie watoto wapate kukaa ofisini, nawe unawaonyesha kulala chini?" Alisema kwa upole, nami namheshimu. Lakini jibu langu ni hili. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, na moja ya maneno yake makubwa lilikuwa kwamba shule isimtenge mtoto na kazi za watu wake. Na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Hatuwezi kumwambia mtoto darasani kwamba kazi ya mikono ni heshima, halafu tukaificha kazi hiyo nyuma ya ukuta kana kwamba ni aibu. Tena nadhani aibu anayoiona mzee wangu si kazi yenyewe, ni hali yake: mtu kugaagaa mavumbini, mchafu, akitoka jasho. Tukiiweka kazi mahali safi, penye kivuli na utaratibu, aibu hiyo itaondoka yenyewe.

Hoja ya pili husema hivi: "Mafundi wetu wa mitaani wamefanya kazi juani tangu zamani, na magari yanatembea. Kwa nini leo watafute raha?" Ni kweli, magari yanatembea. Lakini na tuwaulize mafundi wenyewe. Wenzetu wa Kenya waliipa kazi ya namna hii jina la jua kali, na jina hilo limeenea hata likaingia katika maandishi ya serikali. Jina hilo halikutungwa na wakubwa. Lilitokana na kile kilichowauma zaidi wafanyakazi, nao hawakuiita kazi ya fedha kidogo, wala kazi ya chombo kibovu, bali jua kali. Na katika miaka ya 1980, Serikali ya Kenya ilipotaka kuwasaidia mafundi wa Kamukunji, Nairobi, moja ya mambo yaliyofanywa ni kuwajengea mabanda ya kufanyia kazi. Kumbe kivuli si anasa. Ni ombi la kwanza la mtu anayejua kazi yake. Sisi hapa tunawaita wenzao gereji bubu, tunawapelekea magari yetu kwa sababu bei yao ni nafuu, kisha tunasimama kivulini na simu mkononi tukiwahimiza, "Fanya haraka, fundi, nina safari." Haraka hiyo tunayowahimiza ndiyo inayowavunja miguu.

Kwa hiyo nina maombi matatu, nami nayatoa kwa adabu.

Kwa Mkuu wa Shule na Bodi: naomba shule yetu isingoje mpaka tupate karakana kamili. Karakana ni jambo jema, lakini yataka fedha nyingi, na wanafunzi wa leo watakuwa wamekwisha kuondoka. Tunao mwembe mkubwa nyuma ya stoo. Chini yake tuweke sakafu ya saruji ya mita 6 kwa 3, iliyo sawasawa. Tuongeze nguzo nne na turubai, stendi nne za chuma, kabari na mbao za jeki, dumu moja la oili chafu, ndoo ya mchanga kwa ajili ya moto, na sanduku la huduma ya kwanza. Wanafunzi wenyewe watachanganya saruji, nami nitakuwa pamoja nao. Magari ya walimu ndiyo yatakayokuwa vitabu vyetu.

Kwa wazazi: mnapompelekea gari fundi wa mtaani, mpeni muda. Mwulizeni stendi zake ziko wapi kabla ya kumwuliza bei. Na kama gari linatengenezwa nyumbani kwenu, mtoeeni fundi mkeka na maji ya kunywa, kama mnavyomtolea mgeni. Mkeka mmoja hauwafilisi, na breki zitakazofungwa kwa utulivu ndizo zitakazowabeba watoto wenu.

Kwa wanafunzi: msijifunze kuvumilia mateso yasiyo na faida mkadhani ndiyo uanaume. Mkulima hodari huamka alfajiri ili alime kabla ya jua, na mvuvi hodari hujua saa ya upepo. Hakuna awaitaye wavivu. Nanyi, siku mtakapofungua gari la kwanza, tumieni nusu saa kutafuta kivuli, kufagia, kupanga vyombo, na kusogeza stendi mahali mkono unapofika. Jirani atapita aseme, "Hawa hata hawajaanza." Mwacheni apite. Mtakuwa mmekwisha kuanza zamani.